Skafu ya misokoto isiyo na upande wa ndani: nimekosea wapi?

Mfumaji wa Makete aliuliza:

Habari zenu wafumaji wenzangu. Naomba msaada wenu katika kazi ambayo imenishinda kwa wiki tatu sasa.

Ninamfumia baba yangu skafu. Yeye ni dereva wa lori la viazi, na katika miezi hii ya Juni na Julai, ambapo huku Makete baridi hushuka hadi umande ukaganda juu ya majani, huondoka nyumbani saa kumi alfajiri akiwa amejifunga taulo shingoni. Nataka avae kitu cha heshima, chenye misokoto kama ya masweta mazito, ile ambayo vitanzi hupanda vikizungukana kama kamba.

Jaribio la kwanza nilifuma kama nilivyozoea kwenye sweta: vitanzi sita vya pleni (vinavyoonekana laini kwa mbele) katikati, pali (kinyume chake, vyenye vinundu kwa mbele) pande zote mbili, na kila mstari wa sita nikapishanisha vitatu juu ya vitatu. Upande wa mbele ulipendeza, lakini wa nyuma ulikuwa vinundu vitupu, na kila palipopishana palionekana kama kovu. Kwenye sweta hilo halina neno, kwa kuwa nyuma ndiyo ndani. Skafu haina ndani. Hujigeuza yenyewe shingoni, na upepo ukivuma mara moja tu, upande usioutaka uko nje.

Kisha nikasikia kwamba dawa yake ni kufuma msokoto juu ya ribu, yaani pleni moja na pali moja, kama ule ufumaji wa mwisho wa mikono ya sweta unaovutika na kurudi. Nikafanya hivyo kwa vitanzi vilevile sita, nikapishanisha vitatu juu ya vitatu, nikaendelea kusoma karatasi yangu: pleni moja, pali moja. Hapo ribu ikapotea. Palipokuwa na mistari iliyosimama pamejaa punje punje kama mtama uliomwagika, wala msokoto hauonekani upande wowote. Nimefumua mara nne, na uzi umeanza kuota manyoya.

Ninaomba kujua kosa liko wapi, na pia ncha za uzi nizifiche wapi iwapo kitambaa hakina upande wa ndani. Uzi nilio nao ni akriliki ya kijivu ya unene wa kati, na sindano zangu ni za milimita 4.

Bibi wa Limuru alijibu:

Pole sana mwanangu kwa kufumua mara nne. Nimefuma masweta ya shule kwa miaka mingi, na kosa lako nimewahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo naliona hata bila kuishika kazi yako. Kosa ni ile namba tatu.

Chukua kalamu uandike vitanzi vyako sita kwa mpangilio wake: pleni, pali, pleni, pali, pleni, pali. Vigawe katikati. Fungu la kwanza ni pleni-pali-pleni, na la pili ni pali-pleni-pali. Sasa vipishanishe, fungu la pili litangulie: unapata pali, pleni, pali, pleni, pali, pleni. Kila kitanzi kimehama hatua moja, lakini karatasi yako bado inakuambia uanze na pleni. Ukaweka pleni juu ya pali na pali juu ya pleni, na ufumaji wa namna hiyo ndio unaozaa zile punje ulizoziona. Mikono yako haikukosea hata kidogo, ilitii karatasi.

Katika ribu ya pleni moja pali moja, kila fungu la msokoto lazima liwe na idadi shufwa: viwili juu ya viwili, vinne juu ya vinne, sita juu ya sita. Fungu likiwa shufwa huanza na pleni na kuishia na pali, na hata mafungu yakibadilishana nafasi mara mia, mpangilio unabaki uleule. Likiwa witiri, ribu inavunjika pale pale.

Tena vitanzi sita havitoshi kwa skafu ya mwanamume. Ribu hujikunja yenyewe; mistari ya pali huzama ndani na mistari ya pleni ikasogeleana, ndiyo maana kila upande unaonyesha pleni tu. Maana yake ni kwamba nusu ya vitanzi vyako inaonekana mbele na nusu nyuma. Ukitaka msokoto unaoonekana kama vitatu juu ya vitatu, unahitaji vitanzi kumi na viwili, sita juu ya sita.

Mimi ningefanya hivi. Anzisha vitanzi 50. Kila mstari, kwenda na kurudi, unasomeka: pleni 3, ribu 12, pleni 4, ribu 12, pleni 4, ribu 12, pleni 3. Huna mstari wa nyuma wa kukariri, kwa sababu ribu inayoanza na pleni na kuishia na pali, ukiigeuza, inaanza tena na pleni; na zile pleni za kati na za pembeni, zikifumwa pleni kila mstari, zinafanana pande zote mbili. Fuma mistari 6 bila kupishanisha chochote. Mstari wa 7 pishanisha msokoto wa kwanza na wa tatu, na mstari wa 11 pishanisha ule wa kati, kisha kila msokoto urudie baada ya mistari 8. Usiipishanishe yote mitatu katika mstari mmoja, kwa sababu hapo skafu hubanwa kiunoni kama kibuyu.

Kupishanisha kwenyewe ni hivi: vitanzi 6 vya kwanza vya ribu vihamishie kwenye sindano fupi bila kuvifuma, uiache ining'inie mbele ya kazi, fuma 6 vinavyofuata kwa pleni moja pali moja, kisha rudi kwenye ile sindano fupi uvifume vile 6, navyo kwa pleni moja pali moja. Nasisitiza hili kwa sababu wengi, wakifika kwenye msokoto, mkono unazoea masweta na wanafuma pleni tupu. Kama huna sindano fupi, kijiti cha mshikaki kilichopigwa msasa kinatosha kabisa.

Badilisha sindano pia. Uzi wa unene huo utumie milimita 5, ama sivyo vitanzi 12 vinavyopishana vitakuumiza vidole na skafu itasimama kama ubao. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha msokoto mmoja, mistari 30 hivi, ukioshe, kikauke, ndipo uamue.

Na usijilaumu kwa lile jaribio la kwanza. Misokoto ya aina hiyo inajulikana sana kutokana na masweta ya Visiwa vya Aran kule Ayalandi, nayo ni mavazi yenye ndani na nje. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuupamba upande unaogusa fulana. Kuupindua msokoto juu ya ribu ili upendeze pande zote ni jambo la wabunifu wa juzi juzi, na Mmarekani Lily Chin ndiye anayetajwa sana kwa kulieneza.

Uzi na Theluji, Minnesota, alijibu:

Shikamoo Bibi. Maelezo yako kuhusu shufwa na witiri nimeyaandika kwenye daftari langu, maana nilikuwa nikiifuata kanuni hiyo bila kujua sababu yake.

Mdogo wangu wa Makete, naomba nikuongezee njia nyingine, kwa kuwa huku baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri na skafu ninaivaa kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo nimejua kasoro zake. Ile ya sita juu ya sita ni nzuri sana kuitazama, lakini mahali pa kupishana pana tabaka nne za uzi, na kwangu ilikuwa nzito kiasi cha kukataa kuzunguka shingo mara mbili. Sasa natumia ribu pana, pleni 4 na pali 4, vitanzi 40, pamoja na pleni 2 kila ukingo. Katika mstari wa 1 napishanisha zile pleni nne ninazoziona, viwili juu ya viwili. Katika mstari wa 4, ambao ni wa upande wa pili, napishanisha zile pleni nne zinazonikabili wakati huo, ambazo kwa mbele zilikuwa pali. Kisha kila upande unarudia baada ya mistari 6. Hapa misokoto ya mbele na ya nyuma haihusiani kabisa. Kila mmoja una vitanzi vyake. Kitambaa ni chepesi, na hakuna haja ya ribu ndani ya msokoto.

Kuna jambo moja ambalo ningependa wataalamu walisemee. Katika njia ya Bibi, msokoto unaoelekea kushoto mbele nadhani utaelekea kulia nyuma, kama herufi inavyogeuka kwenye kioo. Kama mtu anataka pande zote zifanane, je, kuna namna ya kulirekebisha?

Fundi wa Korogwe alijibu:

Dada wa Minnesota, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe, na naomba nieleze kwa kamba, kwa kuwa mimi nimekulia kwenye mashamba ya mkonge na kamba nimezisokota kabla sijashika sindano.

Chukua kipande cha kamba ya katani. Tazama nyuzi zake zinakoelekea zinapopanda: tuseme zinapanda kwenda kushoto. Sasa igeuze uitazame mgongoni. Bado zinapanda kwenda kushoto. Igeuze juu chini, ncha ya chini iwe juu. Bado ni kushoto. Herufi kwenye kioo hugeuka kwa sababu unatazama kivuli chake, lakini kamba ukiizunguka hutazami kivuli, unatazama kitu kilekile kutoka nyuma. Msokoto wa Bibi ni kamba iliyobanwa ikawa bapa. Fungu lililopita mbele lilitoka kulia kwenda kushoto. Lile lililopita nyuma lilitoka kushoto kwenda kulia. Ukizunguka upande wa pili, lile la nyuma sasa ndilo liko mbele yako, na kushoto kwako na kulia kwako vimebadilishana, kwa hiyo nalo unaliona likitoka kulia kwenda kushoto.

Hili si la nadharia tu. Linamsaidia mfumaji siku akichanganyikiwa asijue yuko upande gani: maadamu sindano fupi anaiweka mbele kila mara, hata akipishanisha kutoka upande mwingine kwa bahati mbaya, mwelekeo hautaharibika, kitakachoharibika ni hesabu ya mistari peke yake. Kwa sababu hiyo namshauri dada wa Makete afunge kipande cha uzi mwekundu kwenye upande anaopishanishia, akitoe akimaliza.

Kuhusu uzito, nakubaliana nawe kabisa.

Mama Cherehani, Iringa, alijibu:

Naona swali la ncha za uzi limepitwa, nami naliona kubwa kuliko la msokoto, kwa kuwa msokoto mbaya hufumuliwa lakini ncha iliyochomoza hukaa hapo miaka yote ikimkera mvaaji.

Ukiwa na sufu halisi, usifunge fundo wala usifiche ncha, ziunganishe. Fumua ncha ya uzi unaokwisha kiasi cha sentimita 6, uone nyuzi ndogo ndogo zilizosokotwa pamoja, upunguze nusu yake. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya donge jipya. Zilaze moja juu ya nyingine kwenye kiganja, lowesha kwa maji kidogo ya vuguvugu, kisha sugua kwa viganja viwili kwa nguvu, kama unayepasha mikono moto, mpaka usikie zimeshikana. Sufu hugandamana ikipata maji, joto na msuguano. Uzi unakuwa mmoja na hakuna cha kuficha.

Akriliki haigandi hata uisugue mpaka kesho, na sufu iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine nayo haigandi. Kwa nyuzi hizo, badilisha donge ukingoni tu, kamwe si katikati ya mstari, halafu ncha uipitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya zile pleni tatu za pembeni, ikifuata vinundu vyake juu na chini kwa urefu wa kidole. Hapo haionekani upande wowote.

Lakini kwa skafu ya baba anayeamka saa kumi, mimi ningeiacha akriliki. Akriliki ikilowa umande haina joto, na misokoto yake hulala upesi. Sufu madukani ni shida, kwa hiyo nenda mnadani kwenye mitumba ukatafute sweta kubwa la kiume. Soma lebo, lakini usiiamini peke yake: ukifika nyumbani chomoa uzi mfupi pindoni uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni. Akriliki huyeyuka ikawa ushanga mgumu mweusi. Kabla ya kulipa geuza sweta ndani nje utazame ubavuni. Ikiwa vipande vimeshonwa ukingo kwa ukingo kwa uzi unaoweza kuuchomoa, linunue. Ikiwa kuna ovaloki, liache, kwa kuwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utakachopata ni vipande vifupi vya uzi, kila mstari na kipande chake. Na liache pia lile lililoganda kwa kufuliwa kwa maji ya moto.

Ukishalifumua, uzi utakuwa umejikunja kunja kama tambi za dukani. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uutundike ukiwa na chupa ndogo ya maji chini yake mpaka ukauke. Utanyooka.

Bibi wa Limuru alijibu:

Fundi wa Korogwe, umenifundisha. Nimeitoa kamba ya kufungia mbuzi nikaigeuza geuza hapa mlangoni, na ni kweli.

Binti yangu wa Minnesota, njia yako naijua, na kwa kofia au skafu ya mtoto ni nzuri mno. Ninachohofia ni kwamba mfereji wa pali nne ni mpana, na skafu ikivutwa, kama mwanamume anavyoivuta akiifunga, mfereji hufunguka na mgongo wa msokoto wa upande wa pili unachungulia. Ribu ya pleni moja pali moja haifunguki kirahisi namna hiyo. Mwenye kazi achague; kwa dereva anayeifunga upesi upesi gizani, mimi bado nachagua ile ya sita juu ya sita, ila iwe kwa sufu laini na sindano ya milimita 5, si kwa akriliki na sindano ya milimita 4.

Mfumaji wa Makete alijibu:

Shikamooni wakubwa zangu, na asanteni sana. Nimesoma majibu haya mara nyingi na nimeanza upya kabisa.

Nilipata sweta la kijani kibichi la kiume kwa shilingi 3,000, la kushonwa ubavuni bila ovaloki. Nilichoma uzi wake na nyumba nzima ikanuka nywele. Limenipa uzi wa gramu 420, na kwa jinsi ninavyokwenda naona gramu 350 hazitakwisha. Nafuma vitanzi 50 kama Bibi alivyoeleza, na uzi mwekundu wa Fundi uko mahali pake. Siwezi kuwaeleza nilivyofurahi nilipofika mstari wa 24, nikaigeuza kazi na kukuta misokoto mitatu nyuma, yote inapanda kushoto kama ile ya mbele, mpaka mama akaniuliza upande upi ndio sahihi.

Nimekwama mahali pamoja. Msokoto wa kati nilipaswa kuupishanisha mstari wa 83, nikasahau, na nimeligundua hilo nikiwa nimemaliza mstari wa 90. Je, nifumue mistari minane yote?

Bibi wa Limuru alijibu:

Hapana mwanangu, usifumue skafu kwa kosa la msokoto mmoja. Fuma mpaka ufike kwenye msokoto wa kati, kisha vitanzi vyake 12 pekee vitoe kwenye sindano na uvifumue kwenda chini mpaka vibaki vile vya mstari wa 82. Mbele yako zitakuwepo nyuzi nane zilizolala kama vidato vya ngazi. Uzi wa chini kabisa ndio wa mstari wa 83. Vishike vile vitanzi kwa sindano mbili fupi, vipishanishe sita juu ya sita, sindano ya kwanza ikiwa mbele, uvifume kwa uzi huo wa chini. Kisha panda kidato kimoja kimoja, usiruke hata kimoja, ukianzia kulia kila mara bila kuigeuza kazi: pleni juu ya pleni, pali juu ya pali. Vitanzi vya mwisho wa kila kidato vitabana, kwa sababu kupishanisha hula uzi kidogo; vuta taratibu kutoka kwa jirani zake kwa ncha ya sindano, na sufu ikioshwa itajisawazisha.

Ukifika kwenye kufunga vitanzi, ufunge kwa ribu hiyo hiyo, pleni kwa pleni na pali kwa pali, bila kubana. Iloweke nusu saa, ikamue ndani ya taulo, uitandaze juu ya mkeka. Nyoosha urefu tu. Usiivute kwa upana wala usiipige pasi, kwa kuwa ribu ikishatanuka pali zake zitatoka nje na kazi yote ya kuificha nyuma itakuwa bure.

Mfumaji wa Makete alijibu:

Imekubali. Nimekaa nayo kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tano, vidato vyote vinane, na ilinibidi niweke taa karibu na magoti. Msokoto wa mstari wa 83 umebana kuliko wenzake, lakini anayeweza kuuona ni mimi peke yangu. Tangu hapo nimeendelea kufuma, na sasa nimebakiza sentimita 40 hivi kufika 170. Baba anasafiri tena Jumatatu, na kwa baridi hii ya huku sufu itahitaji siku mbili kukauka, kwa hiyo lazima niifunge kabla ya Ijumaa usiku.